Jiwe linang'aa, mjomba anakohoa

Najua nimepotea kama mvua ya Dodoma mwezi wa saba. Wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kulima zabibu. Sijaacha. Nipo, nadunda, nakula mlenda kama kawaida. Ila kuna habari moja imenikaa kooni tangu mwaka jana, na kila nikikaa kuandika kitu kingine inakuja yenyewe kudai nafasi yake. Basi leo naitoa, nipumue.

Habari yenyewe inahusu mashine ya kupolishi mawe. Msikimbie kwanza! Najua mlizoea hapa tunaongea siasa, daladala na mapenzi. Nipeni dakika kumi tu.

Ilianza hivi. Mhariri wangu alinipigia simu akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa ametoka kwenye mkutano katika ofisi moja mpya hapa Dodoma, na kilichomkosha hakikuwa mkutano, bali meza ya mapokezi. Jiwe jeusi, refu, limeng'aa mpaka aliona tai yake imekaa upande. Akaniambia: "Nenda katafute hayo mawe yanatoka wapi na nani anayang'arisha. Maneno 900, picha tatu. Kichwa cha habari ninacho tayari: Dodoma Inang'aa."

Nilimwelewa. Mji huu umebadilika, asikudanganye mtu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukalala usingizi mrefu, na ulipoamshwa mwaka 2016 kila mtu akaanza kujenga kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 tukawa jiji. Mwaka 2023 Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuwaleta watu wa Dar wakiwa hawajachoka hata kidogo. Wizara zimehamia Mtumba, hoteli zimeota kama uyoga, na kila anayejenga nyumba ya maana siku hizi anataka jikoni kuwe na granaiti. Zamani jiko la kisasa lilikuwa lile lenye sinki. Sasa bila lile jiwe linalong'aa, wifi zako hawalitambui.

Na mimi sikuhitaji kutafuta mbali. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na miaka 11 kwenye kazi hiyo hiyo. Karakana yenyewe iko nje kidogo ya mji, na jina lake nalihifadhi kapuni, mtaelewa kwa nini.

Nilifika asubuhi. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa wangu, mbukwa, mbukwa, za nyumbani, nzuri. Alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, kama mtu aliyemwagiwa unga wa sembe. Akacheka nilivyomtazama. "Usiogope, hii ni poda ya kazi," akasema, kisha akageuka pembeni akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Sikukitilia maanani. Nilikuwa nimekuja kutafuta kinachong'aa.

Sasa niwaambie nilichojifunza siku ile, maana mimi nilikuwa mjinga kabisa kwenye mambo haya.

Kwanza, mng'aro wa granaiti haupakwi. Si vanishi, si nta, si rangi. Ni jiwe lenyewe. Mjomba alinieleza kama anavyomweleza kibarua mpya: jiwe likitoka kwenye msumeno lina mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo inatawanya mwanga ovyo, ndiyo maana unaliona limefifia. Kazi ya mashine ni kuondoa mikwaruzo mikubwa kwa kuweka midogo, halafu kuondoa hiyo midogo kwa kuweka midogo zaidi, mpaka ifike mahali jicho haliioni tena na mwanga unarudi ulivyokuja. Hapo ndipo unajiona tai yako.

Kwa hiyo kuna hatua. Zile pedi zenye punje za almasi zina namba: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, halafu bafu ya mwisho. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na inakula jiwe haraka. Namba ikipanda, punje zinakuwa laini. Na hapa ndipo mjomba alipokuwa mkali: huruki hatua. Mkwaruzo wa 50 hauondolewi na 400. Utapiga, utapiga, jiwe litang'aa, mteja atalipa na kuondoka. Halafu asubuhi moja jua litaingia dirishani kwake kwa pembeni, na ule mkwaruzo utamwonekea wazi, mrefu kama barabara ya Singida.

Pili, mashine zenyewe. Kwenye viwanda vikubwa vya nje, bamba la jiwe linalala juu ya mkanda unaotembea, linapita chini ya vichwa vingi vilivyopangwa mstari. Kila kichwa kinazunguka na namba yake ya msasa, maji yanamwagika muda wote, jiwe linaingia limefifia upande huu na kutoka kioo upande ule. Karakana ya kina mjomba haina kitu hicho. Wao wana msumeno wa daraja wenye diski ya almasi, grainda za mkononi za kusafisha kingo na matundu ya sinki, na mashine moja kuukuu ya mkono. Naiita ya mkono kwa sababu kweli ni mkono: chuma kirefu chenye viungo viwili kama bega na kiwiko, kimefungwa kwenye nguzo, na mwisho wake kuna kichwa kinachozunguka. Fundi anashika usukani wake na kukipeleka kushoto na kulia juu ya jiwe, taratibu, kila mpito ukilalia kidogo mpito uliotangulia, kama mtu anayefyeka nyasi.

Ile mashine inaimba. Sitanii. Ikishika kasi inatoa sauti moja ndefu, inapanda na kushuka kulingana na jiwe. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, nikakuta kuwa wachonga mawe wa Marekani karne ya 19 walikuwa na mashine ya aina hiyo hiyo, na waliipa jina la Jenny Lind, mwimbaji maarufu wa Sweden wa enzi zile, kwa sababu ya ule mlio wake. Ingeanzia kwetu, nadhani tungeiita Bi Kidude.

Nikasoma zaidi, maana nikishika kitu siachi. Wamisri wa kale walipolishi granaiti kwa mchanga, maji na misuli, na kazi zao bado zinang'aa. Katika Ulaya, kupolishi granaiti kwa mashine kulipata nguvu miaka ya 1830 huko Aberdeen, Scotland. Mchonga mawe aitwaye Alexander Macdonald aliziona sanamu za Wamisri katika jumba la makumbusho London, akajiuliza kwa nini yeye ashindwe, akaunganisha vifaa vyake na injini ya mvuke. Yaani ule mng'aro wa makaburi na benki za Uingereza ulianzia kwenye wivu wa Mwafrika wa kale. Hiyo nikaiweka kwenye makala, mhariri akaipenda sana.

Tatu, na hili liliniuma kidogo. Nilimuuliza mjomba, haya mabamba mazuri yanatoka wapi? Nilitegemea aseme Chamwino, au Mpwapwa, au hapo nyuma ya mlima. Akasema: "India na China."

Jamani! Dodoma! Mji huu umekaa juu ya mwamba. Wataalamu wa jiolojia wanasema mawe haya ya uwanda wa kati yana umri wa miaka bilioni 2.5 na zaidi, ni miongoni mwa miamba mikongwe kabisa katika bara letu. Eti jina la mji linatokana na tembo aliyezama kwenye tope, idodomya, imezama, wakati kila ukigeuka unajikwaa jiwe. Na humo humo mjini kuna akina mama wamekaa juani na nyundo wakigonga granaiti hiyo hiyo kuwa kokoto, wanauza kwa ndoo. Halafu granaiti ya kwenye makabati inapanda meli kutoka India, inateremka bandarini Dar, inapanda lori kilomita 450 na ushee, inafika hapa kukatwa tundu la sinki.

Mjomba hakushangaa kama mimi. Aliniambia jiwe zuri si tatizo, tatizo ni kulipata zima. Mwamba wa juu umepasuka pasuka kwa jua na mizizi, na ukiupiga baruti unazidi kupasuka. Unahitaji machimbo ya maana, misumeno ya waya, mashine za kukata bloku kuwa mabamba, umeme usioyumba. Bamba moja la mita 3 kwa mita 1.8, unene sentimita 2 tu, linakaribia kilo 300. Huwezi kulibeba begani. Kwa hiyo jiwe la kwetu wanalitumia kidogo, vipande vya makaburi na vibao vya uzinduzi, na kazi hiyo ndiyo ya ule mkono kuukuu. "Lakini likishapolishiwa," akasema, "hili la kwetu lina rangi ya ng'ombe." Nikacheka. Kwa Mgogo hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Nilipiga picha zangu tatu. Nikaandika maneno 900. Sasa nifike kwenye lile lililonileta hapa leo.

Wakati napiga picha, niliona kitu ambacho kamera pia ilikiona. Ule mkono mkubwa ulikuwa unatumia maji, tope jeupe likitiririka mpaka kwenye mfereji. Lakini vijana wawili wa grainda, na mjomba mwenyewe alipohamia kwenye kingo, walikuwa wanasaga pakavu. Wingu. Sisemi vumbi kidogo, nasema wingu, mpaka yule kijana wa mbali alionekana kivuli. Mmoja alikuwa amefunga kitambaa puani. Mwingine barakoa ile ya enzi za korona, imegeuka rangi. Mjomba hakuwa na kitu.

Nikauliza kwa nini hawamwagi maji. Jibu lilikuwa rahisi: maji ni ghali. Mnajua hali yetu. Mvua ya Dodoma inaanza Desemba, Aprili imeaga, na jumla yake kwa mwaka ni milimita 500 na kitu. Mji umekuwa mara ngapi sijui, na kwa miaka mingi maji yake ya bomba yametegemea zaidi visima vya Makutupora. Siku za mgao karakana inanunua maji ya boza. Msumeno lazima upate maji, bila hivyo diski ya almasi inaungua, na diski ni hela. Mkono lazima upate maji, bila hivyo jiwe linaungua. Grainda ya mkononi inaweza kufanya kazi bila maji. Kinachoungua hapo ni kifua cha fundi tu, na kifua hakimo kwenye hesabu ya bosi.

Siku ile sikufikiri kwa maneno makali hivyo. Nilifikiri tu, mjomba anakohoa.

Nikamwuliza mama. Mama akaniambia mambo ambayo familia ilikuwa inayajua na mimi, mwandishi wa habari mzima, sikuwa nayajua. Kwamba miaka miwili kabla mjomba alikuwa ametibiwa TB. Alimeza dawa miezi 6, dozi akaimaliza, vipimo vikawa safi. Lakini kikohozi hakikuondoka. Akarudi zahanati, akapewa dawa za kikohozi. Akarudi tena, akapewa nyingine. Akaambiwa aache sigara, naye hajawahi kuvuta. Kupanda ngazi za kanisani kulikuwa kumeanza kuwa safari.

Nikambeba kwa nguvu tukaenda hospitali kubwa. Daktari kijana, nadhani tunalingana umri. Aliangalia ile picha ya kifua kwa muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo, kwa mujibu wa mjomba, hakuna aliyewahi kumwuliza kwa miaka yote ile:

"Mzee, unafanya kazi gani?"

Mjomba akajibu kwa fahari. Nang'arisha mawe.

Daktari akaweka kalamu chini.

Ugonjwa unaitwa silikosisi. Ndani ya granaiti kuna kwatzi, zile punje zinazometameta kama kioo, na kwatzi ni silika. Kwa kawaida granaiti ina kwatzi kati ya asilimia 20 na 40 hivi. Ukiisaga pakavu, punje zinazoonekana kwenye nguo si tatizo kubwa, hizo pua inazikamata. Tatizo ni zile usizoziona, ndogo kuliko elfu moja ya sentimita. Hizo zinafika mwisho kabisa wa mapafu na hazitoki. Mwili unajaribu kuzizungushia kovu. Kovu juu ya kovu. Mapafu yanakakamaa. Hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. Na mtu mwenye silika kifuani anashikwa na TB kirahisi kuliko mwingine, ndiyo maana magonjwa hayo mawili yanatembea pamoja na kufichana. Ukiitibu TB, makovu yanabaki.

Nikamwuliza daktari ushauri wake. Akasema: "Aache vumbi." Si aache kazi, si ameze hiki. Aache vumbi. Maneno mawili.

Kwenye bajaji mjomba alikaa kimya mpaka tulipofika karibu na Nyerere Square. Halafu akasema, "Kwa hiyo jiwe linatoka mikwaruzo, inaingia kwangu." Sikupata la kumjibu.

Nilifanya ninachokijua, nikasoma usiku kucha. Na hapa ndipo hasira ilinipanda, kwa sababu hakuna jipya. Katika mji wa Barre, jimbo la Vermont, Marekani, kule kule walikokuwa na mashine zao za kuimba, wachonga granaiti walikufa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wakiwa vijana, wengi wakiandikiwa TB. Zilipokuja patasi za upepo wa mashine, na mabanda yakafungwa kwa sababu ya baridi, vumbi likazidi. Vyama vya wafanyakazi na madaktari wakapiga kelele miaka na miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mabanda yakawekewa mitambo ya kufyonza vumbi pale pale linapotoka. Walioanza kazi baada ya hapo karibu wote waliepuka ugonjwa. Mawe ni yale yale, kazi ile ile. Miaka karibu 90 iliyopita!

Na si kwamba dunia imemaliza somo. Siku hizi kuna mawe ya kutengenezwa kiwandani, unga wa kwatzi ulioshikwa kwa gundi, silika yake inaweza kupita asilimia 90. Yameua vijana wa makarakana ya jikoni Hispania, Israel, Australia, Marekani, wengine hawajafika miaka 40. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Mjomba aliniambia nayo yameshafika Dodoma. Wateja wanayapenda, hayana madoa.

Na kwetu sheria ipo, msiseme haipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri alinde watu wake na wapimwe afya kwa sababu ya kazi yao. Wakala wa kuisimamia, OSHA, upo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza mwaka 2015, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Lakini mjomba hana mkataba. Analipwa jioni, kwa siku, mkononi. Kwa miaka 11 kila asubuhi amekuwa mgeni pale.

Basi nikamwambia mjomba, naandika. Ile makala ya kung'aa naibadilisha, naweka ukweli wote.

Akaniangalia kwa ule upole wake unaoudhi. "Andika hiyo ya kung'aa," akasema. "Hiyo nyingine ukiandika, watakuja, watafunga, wataondoka. Sisi tutakula nini? Vijana wale wana watoto. Na bosi atajua ni mpwa wa nani." Nikabisha. Nikamwambia ndiyo kazi yangu, mjomba, nitaficha majina. Akasema: "Mpwa wangu, Dodoma yote ina mikono mingapi ya kuimba? Ukificha jina, mlio utafichaje?"

Nikamtii.

Makala ilitoka Jumapili. Ukurasa wa kati, rangi, picha tatu. Ya katikati inamwonyesha mjomba ameinama juu ya jiwe jeusi na sura yake imejitokeza humo ndani. Watu waliisifia. Mhariri alinipongeza mbele ya wenzangu. Nimeihesabu makala ile mara nyingi: maneno 900, na neno vumbi halimo hata mara moja. Niliruka hatua, wadau. Ikang'aa, mteja akalipa.

Najua mtaniuliza, heshima kwa mjomba au woga? Nimejiuliza sana. Kama ningekuwa sina undugu naye ningeandika bila kumwomba mtu ruhusa, na pengine karakana ingefungwa, na vijana wale wangehamia karakana nyingine isiyo na jina wala maji. Au pengine ingerekebishwa, na mmoja wao asingefika alipofika mjomba. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilipokaa kimya, grainda hazikukaa kimya.

Mwezi mmoja baadaye nilienda kumwona bosi. Sikwenda kama mwandishi, nilikwenda kama mtoto wa dada. Nilibeba gazeti, maana picha ile ilikuwa imemletea wateja na alinipokea na soda. Sikumtaja mgonjwa. Nilimwuliza kuhusu bili ya maji ya boza. Hapo akalia kwa dakika 20! Nikamwonyesha nilichokisoma: karakana nyingi duniani hazinunui maji mapya kila siku, zinayarudisha yale yale. Unajenga mashimo matatu ya saruji yaliyofuatana. Tope linaingia la kwanza, linatulia, maji ya juu yanamwagikia la pili, yanatulia, yanamwagikia la tatu, na pampu ndogo inayarudisha kwenye mashine na kwenye grainda. Tope linazolewa likiwa bado bichi, si kuachwa likauke na kupeperuka tena. Grainda zinazopokea maji katikati ya pedi zipo, na zinatumia umeme wa hatari kidogo zaidi zikichanganywa na maji, kwa hiyo lazima ziwe na kifaa cha kukata umeme haraka. Na barakoa ziwe zile za kuchuja vumbi laini, si kitambaa.

Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza hesabu, na mimi nilimpigia hesabu. Sikutaja mapafu. Labda hilo nalo ni dhambi, sijui. Mashimo yalichimbwa kabla ya mwezi kwisha. Pampu ikanunuliwa. Grainda za maji zimenunuliwa mbili kati ya nne. Barakoa zilikuja boksi moja, zikaisha. Kwa hiyo vumbi limepungua, halijakwisha. Siku yenye kazi ya haraka bado kuna mtu anasaga pakavu. Nimepita, nimeona.

Mjomba alitoka kwenye kingo. Sasa anachora vipimo, anapokea wateja, na anaendesha ule mkono wa kuimba pale tu maji yanapotiririka. Mshahara umepungua. Kikohozi hakijapungua, na hakitapungua. Kliniki anaenda. Ngazi za kanisani anapumzika mara mbili.

Mwezi Juni tulikuwa na kazi ya familia. Bibi, mama yake mjomba, alifariki miaka kadhaa iliyopita, na kaburi lake kule Mvumi lilikuwa na saruji tu. Mjomba alikataa bamba la India. Alitafuta jiwe la kwetu, lile lenye rangi ya ng'ombe, kipande kizima kisicho na ufa, ikamchukua wiki nzima. Akalilaza chini ya mkono, akafungua maji, akaanza na 50. Nilikaa naye siku hiyo nzima. Hakuruka namba hata moja. Kila akibadilisha pedi alisuuza jiwe, akalikausha kwa kitambaa, akainama pembeni kulitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akitafuta mkwaruzo wa hatua iliyopita. Akiuona anarudi nyuma. Mimi nisingeuona hata mmoja.

Jioni, baada ya bafu ya mwisho, akaniita. "Njoo ujione." Nikajiona, na nyuma yangu yeye, na nyuma yake mlango na jua la Dodoma linazama. Akageuka pembeni kukohoa, ili asilitie jiwe mate.

Wiki hiyo nikamwomba ruhusa kwa mara ya pili. Nikamwambia si gazetini, ni hapa kwetu kijiweni, bila jina la karakana, bila jina lako. Akafikiri sana. Halafu akasema: "Waambie wakinunua jiwe, waulize lilikatwa na maji au bila maji."

Basi nawaambia. Mkijenga, mkinunua hilo jiko la kuwakomesha mawifi, ingieni karakana yenyewe kabla ya kulipa. Mkiona vijana weupe kama unga, ulizeni. Mteja akiuliza, bosi anasikia haraka kuliko akiuliza mwandishi. Na kama una ndugu anayekata mawe, anayegonga kokoto, anayechimba visima au dhahabu, na ametibiwa TB lakini bado anakohoa, nenda naye hospitali na umtajie daktari kazi yake kabla hajauliza.

Makala ya kung'aa bado ninayo ukutani. Sijaitoa. Leo nimebandika hii pembeni yake.

Alamsiki.